Neno Asilolitamka Gwantwa

Gwantwa binti Andongwisye alizaliwa Undali, kwenye milima ya Ileje, mtoto wa tano wa Andongwisye fundi matofali, yule aliyefyatua matofali ya kanisa la kwanza la kijiji chao na kuyapandisha mlimani kwa kichwa chake na vichwa vya wanawe. Babu yake alikuwa Yonasi, aliyevusha ng'ombe kumi na tisa Mto Songwe mwaka wa mafuriko, mwenyewe nyuma kashika mkia wa ng'ombe wa mwisho, ndama begani. Mumewe Osward alikuwa mpaka rangi wa kawaida, mtu asiye na makuu. Lakini baba yake Osward alikuwa Mzee Simukonda wa Tunduma, Mnamwanga aliyeweza kuwataja babu zake kumi na wawili kwa pumzi moja. Jina la mzee huyu lishikeni vizuri tangu sasa, maana ndilo lililobeba habari hii.

Gwantwa mwenyewe alisoma mpaka darasa la nne. Kwa darasa hilohilo la nne alifungua gesti Tunduma mwaka 1987, biashara zilipofunguliwa na kila mwenye miguu akawa anakwenda boda ya Zambia. Vyumba vinane, uani kisima na kamba nne za kuanikia shuka. Jina lake liliandikwa juu ya mlango kwa rangi nyekundu, tena na mumewe, wakati wanawake wengine wa mtaa ule walikuwa wakiandika majina ya waume zao hata kwenye ndoo.

Kitabu chake cha wageni hakikulala wazi mezani hata siku moja. Ukija kuandika, mstari wa aliyekutangulia umefunikwa kwa kipande cha boksi, na ukimaliza, boksi linashuka kukufunika na wewe. Wageni walikuwa wakicheka, hasa madereva wa maroli.

"Mama, unaficha nini humo? Mimi nataka kujua tu kama Yonathani wa Iyula ameshapita na kahawa yake."

"Kamwulize Yonathani."

"Sasa nitamwuliza vipi nami sijui alipo?"

"Basi huenda hataki uulize. Jina la mtu ni nguo yake ya ndani, mwanangu. Haianikwi barabarani."

Zakia alifika kwenye nyumba hiyo mwaka 1993. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, ameshuka kutoka juu ya roli la vitunguu na sufuria zake za kwenda kuuza Nakonde, ng'ambo, vumbi mpaka kwenye kope. Alimkuta mama mrefu, kilemba kimefungwa kama kimepigwa pasi kichwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Jina?"

Akataja. Mama akaandika.

"Unatoka wapi?"

"Kondoa."

Mama akamsogezea kitabu na kalamu. "Andika mwenyewe hapo."

"Si umeshaanza wewe? Malizia tu, mama. Kondoa."

"Andika mwenyewe, mwanangu."

Zakia akaona labda mama wa watu hajui herufi, akaandika kwa upole asimwaibishe. Halafu mama akauliza kabila, akajibiwa Mrangi, akaliandika haraka kwa mwandiko uliolala kama mahindi yaliyopigwa na upepo mmoja. Zakia akabaki kaduwaa. Mrangi anaweza, Kondoa hawezi?

Alikaa wiki mbili, akarudi tena mwezi uliofuata, na kila safari alikusanya kitu. Mama huyu hakumwita konda wa basi konda; alimwita mwana wa mlangoni. Mtu akikonda, yeye alisema amepungukiwa. Simu ya posta aliita cha sikioni. Jumapili Zakia akipita nje ya kanisa la Moraviani alimwona Gwantwa kwenye kwaya, mdomo wazi kama wenzake, na wimbo ukifika kwenye kondoo, mdomo ule unafunga, unasubiri kondoo apite, unafungua tena. Hata kusimulia hakusimulia. Alisema, "Nipe kisa chote."

Mwishowe akamwendea Osward, aliyekuwa anapaka chokaa ukuta wa choo.

"Baba, samahani. Mama ana ugonjwa wa ulimi?"

Osward alicheka mpaka brashi ikadondoka. "Ana ugonjwa wa adabu. Kwao Undali mkamwana hamtaji baba mkwe. Hamtaji kwa mdomo wala kwa kalamu, na kila neno linalofanana na jina lake analipisha, kama anavyompisha mwenyewe njiani. Sasa baba yangu ni Simukonda. Hesabu mwenyewe ameacha maneno mangapi."

"Simu," alisema Zakia. "Konda. Kondoo. Na kwetu Kondoa."

"Na kwenu. Akikutaja kwangu anasema yule binti wa kwenye mawe yaliyochorwa, ile michoro yenu ya kale."

"Si angeolewa kwenye ukoo wenye jina jepesi?"

"Nilimwonya. Sisi Wanamwanga hatukazi kamba kiasi hicho, nikamwambia legeza, mama, hakuna anayekuhesabu. Akanijibu, ukoo ni wako, heshima ni yangu."

Zakia alicheka. Kicheko kilimkatikia pale Osward alipoinua brashi yake na kumpa kisa cha boda.

Ilikuwa mwaka 1989. Gwantwa alikwenda kutafuta hati ya muda ya kuvukia, akampa karatasi zake mtu mmoja wa wale waliokuwa wakikaa karibu na kizuizi na kujazia watu fomu. Akamwachia kwa muda wa kununua maji tu. Yule mtu alikuwa ameweka karatasi ya kaboni chini, kila alichoandika kikashuka kwenye karatasi ya pili. Siku ya tatu Gwantwa alipotaka kuvuka, ofisa akapekua daftari lake, akamtazama.

"Gwantwa Andongwisye amevuka juzi. Hajarudi. Wewe ni nani?"

"Ni mimi."

"Na aliyevuka?"

Karatasi zilikuwa zilezile, kijiji kilekile, mwaka wa kuzaliwa uleule. Watu wakaanza kujaa. Yule aliyevuka alikuwa amepitisha mzigo usio na kibali, na mzigo ule ulikuwa unatafuta mwenyewe. Gwantwa akakalishwa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka jua likapinda, mwizi kwa jina lake mwenyewe.

Ndipo akaitwa Mzee Simukonda. Alikuja na fimbo yake, akasimama mlangoni, na mkamwana wake alipomwona akageuka akaelekea ukutani, kama inavyopasa. Mzee hakuongea naye. Aliongea na ofisa.

"Mwulize baba wa mumewe anaitwa nani."

Ofisa akauliza. Gwantwa kimya. Akauliza mara ya pili, akamtisha na mahabusu. Gwantwa aliutazama ukuta, machozi yanamtiririka, mdomo umefungwa. Hata alipowekewa karatasi na kalamu hakuzigusa.

"Basi huyo ndiye," alisema mzee. "Mliyemvusha juzi mngemwuliza angelitaja upesi sana."

Wakamwachia. Osward alipomaliza kusema hayo aliendelea kupaka chokaa yake kama mtu aliyeeleza bei ya chumvi. Zakia akageuka kumtafuta Gwantwa kwa macho, akamwona kule kambani anaanua shuka, anazikunja ncha kwa ncha. Akaona haya kwamba alicheka. Kwao alifundishwa kwamba mtu hujulikana kwa anayoyasema. Hapa alikuwapo mtu aliyejulikana kwa alichonyamazia, na kimya chake kilikuwa kimemfungulia mlango wa serikali.

Tangu siku ile ya benchi Gwantwa alikuwa na tranka la bati chini ya kitanda chake. Alianza na karatasi zake mwenyewe. Halafu wanawake wa biashara wakasikia, mmoja mmoja wakamletea kopi za pasipoti, za kadi ya njano ya chanjo, baadaye za kadi ya mpiga kura, ili mtu akiibiwa ugenini pawe na mahali nyumbani pa kumthibitisha. Kila mmoja na bahasha yake, imegundishwa kwa uji wa muhogo, dole gumba la mwenyewe limepigwa wino juu ya maungio. Kufika mwaka 2012 bahasha zilikuwa zimepita thelathini. Funguo zilikuwa mbili. Mmoja alikuwa nao Gwantwa. Wa pili, baada ya miaka mingi ya kumtazama anavyofunga mlango na anavyofunga mdomo, alimpa Zakia, ambaye sasa alikuwa amepanga nyumba ya jirani, ana duka la vitenge na binti anayesoma, Fauzia.

Mwaka huohuo Zakia alitakiwa atume kopi ya pasipoti yake kwa hoteli moja ya Lusaka. Akaenda intaneti kafe ya Aziz, na Gwantwa akamsindikiza, akasema anataka kuona barua inavyosafiri bila stempu. Aziz aliiweka pasipoti kwenye mashine, mwanga ukapita, picha ikatokea kwenye kioo. Akatuma.

"Tayari, mama zangu."

"Imefika?" aliuliza Gwantwa.

"Imefika Lusaka sasa hivi."

"Na hiyo hapo ni nini?"

"Hiyo ni ileile."

"Iko Lusaka na iko hapa?"

"Inabaki nakala, mama. Haina shida."

Gwantwa akavuta kiti. "Hiyo ni kaboni," alisema taratibu. "Hebu nionyeshe zilizobaki nyingine."

Aziz hakuwa mtu mbaya, alikuwa mvivu. Akabonyeza, zikatokea. Nyuso zilijaa kioo kizima, safu kwa safu, wanaume kwa wanawake, kila uso na namba yake na tarehe yake ya kuzaliwa. Zakia akamwona jirani yake. Akamwona mganga wa zahanati. Akajiona yeye mwenyewe wa mwaka juzi, kilemba cha kijani, ametoa macho, katikati ya wageni asiowajua, mahali ambapo mteja yeyote wa kucheza gemu angeweza kumchukua na kuondoka naye.

"Futa," alisema Gwantwa.

Aziz akafuta.

"Zimekwenda wapi?"

Aziz akacheka kwa aibu. "Kwenye pipa la taka, mama. Lipo humohumo ndani."

"Na pipa hulimwaga nani?"

"Kwa kweli huwa halimwagwi."

"Limwage nikiona."

Akalimwaga. Kisha Gwantwa akataka barua ya Zakia ifungwe, neno lake la siri lifutwe kwenye kumbukumbu za mashine, asikae mtu mwingine kwenye kiti kile akaikuta wazi. Aziz akamwuliza amesomea wapi kompyuta. Akajibiwa kwamba ndiyo kwanza anaiona, ila wezi anawajua muda mrefu.

Toka siku ile kopi yoyote iliyokwenda kwa mtu wa nje ilichanjwa kwanza. Ndivyo alivyoita mwenyewe. Alichukua kalamu akaandika kwa kukatiza juu ya kopi, kona mpaka kona: *kwa hoteli, Machi 2012, si kwa kazi nyingine*. "Mtoto akichanjwa," alisema, "ugonjwa ukimwingia haumwezi." Zile za kwenye tranka ndizo pekee zilizobaki safi, kwa sababu hazikuwa zinatoka.

Sasa sikilizeni jinsi zilivyotaka kutoka.

Mwaka 2014, mwezi wa nane, Gwantwa alisafiri kwenda Lusaka kumwona binti yake Aida aliyejifungua. Alikuwa na miaka sitini na sita. Miaka yote pasipoti yake ilisafiri kwenye mfuko wa kitambaa alioushonea ndani ya sketi. Safari hii, kwenye stendi moja njiani, aliitoa kuonyesha, na kwa uvivu wa kuinama akaitumbukiza kwenye pochi pamoja na simu. Simu yenyewe haikuwa na namba ya kufungulia. Alikuwa ameiondoa kwa sababu vidole vilikuwa vikikosea. Akasinzia. Alipoamka mkanda wa pochi ulikuwa begani, umekatwa, pochi haipo.

Tunduma hakuna aliyejua. Zakia alikuwa dukani kwake anapima kitenge, saa tisa alasiri, simu ikalia mlio wa meseji. Namba ya Gwantwa.

*Mwanangu Zakia, nimeibiwa pochi stendi, pasipoti imeondoka. Hawanipi hati ya kurudi bila kopi. Leo anakuja Lucky, mpe tranka lote na ufunguo, nitachambua mwenyewe. Ubaki na amani.*

Zakia akaacha kitenge mezani. Hakuwaza hata kidogo kwamba si yeye. Namba yake, mwanangu yake, ubaki na amani yake ambayo hakuacha kuiweka mwisho wa meseji hata akiomba nyanya. Na tranka nani angelijua? Hakukumbuka kwamba wiki iliyopita waliandikiana humohumo kuhusu bahasha mpya, na kwamba aliyeshika simu ya mtu ameshika pia barua zake zote za nyuma. Akafunga duka, akakimbia gesti, akalivuta tranka kutoka uvunguni.

Lucky alikuwa ameshafika, amesimama uani mbele ya mlango. Mwanaume wa miaka thelathini na kitu, shati jeupe, viatu vinang'aa.

"Mulishani bamayo," alimsalimu kwa Kibemba, kama anayemwamkia mama. "Pole na habari za mama. Nimeacha gari upande wa Nakonde, tuharakishe."

"Mmemwachaje mama yangu?"

"Anajikaza. Analia kidogo. Ni mtu mzima."

Zakia hakuwahi kumwona Gwantwa akilia, ila alijua kwamba aliwahi kulia mara moja, akitazama ukuta. Akatoa ufunguo kifuani, akautia kwenye kufuli ili ahakikishe unafanya kazi kabla ya kuukabidhi. Kisha akapiga ile namba, asikie tu sauti. Ikaita, ikaita, ikakatwa. Mara meseji ikaingia.

*Usinipigie mwanangu, simu imeharibika spika. Tuandikiane tu. Mpe Lucky.*

Akaisoma. Akaisoma tena. Kuna kitu kilikuwa kimekaa vibaya, kama punje ya mchanga kwenye ugali, na ulimi haukujua imejificha wapi. Akaisoma mara ya tatu kwa sauti ya chini, neno kwa neno, ndipo akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema *simu*.

Miaka ishirini na mmoja. Katika miaka ishirini na mmoja hakuwahi kulisikia neno lile kutoka kwa Gwantwa, wala kuliona kwenye mwandiko wake, wala kwenye meseji zake. Mwizi alizisoma barua zote, akajifunza kila kilichokuwemo, mwanangu na amani na tranka. Kisichokuwemo angekionaje?

Mkono wa Zakia ulikuwa bado kwenye kufuli. Akauacha palepale. Akaandika kwa mkono wa pili, pole pole:

*Pole mama. Kwenye basi ulisaidiwa na nani kushusha mizigo?*

Jibu halikuchelewa.

*Konda tu mwanangu. Harakisha.*

Hakuwa peke yake tena chumbani. Ilikuwa kama Mzee Simukonda, aliyelala kaburini miaka kumi na saba, amesimama mlangoni na fimbo yake akisema: basi huyo siye.

Akachomoa ufunguo, akaurudisha kifuani, akatoka uani. Sauti yake ilikuwa tulivu mpaka yeye mwenyewe akaishangaa.

"Kaka Lucky, tranka liko tayari. Ila nyumba hii ina sheria. Anayechukua kitu anaandika jina kamili kwenye kitabu na kuacha kitambulisho. Kitabu hiki hapa."

Akakifungua, akasogeza boksi, akampa kalamu.

Lucky akautazama ule mstari mtupu. Akapapasa mfuko wa shati, wa mbele, wa nyuma. "Kitambulisho kimebaki kwenye gari, bamayo."

"Basi andika jina tu kwanza. Lucky nani?"

"Lucky tu inatosha, wananijua."

"Mimi sikujui. Andika, baba. Kalamu haiumi."

"Mama anateseka huko, wewe unaleta ushuleshule?"

"Kafuate kitambulisho. Mimi na mwenyekiti wa mtaa tutakusubiri hapa, nimeshamwita."

Hakuwa amemwita mtu. Lucky alirudi kinyumenyume mpaka getini, akisema dakika tano. Mtu aliyekuja kuchukua majina thelathini na saba ya watu aliogopa kuacha lake moja. Hakuonekana tena.

Saa moja jioni iliingia simu ya namba ya Zambia. Zakia akapokea bila kusema kitu.

"Mwanangu, ni mimi. Natumia ya Aida."

Ilikuwa sauti yake hasa, lakini Zakia siku ile hakuwa anaamini hata sauti. "Umeibiwa nini?"

"Hata salamu hakuna? Pochi. Ndani mlikuwa na pasipoti na cha sikioni."

Zakia akakaa chini sakafuni. "Na nani alikufungulia mlango wa basi?"

"Mwana wa mlangoni, kwani angefungua nani? Zakia, una homa?"

"Alhamdulillahi," alisema Zakia. "Shikamoo, mama yangu. Shikamoo tena."

Akampa kisa chote. Upande wa pili akasikika mtoto mchanga wa Aida.

"Nilikuwa mvivu wa kuinama," alisema Gwantwa. "Bahasha ngapi zimo?"

"Thelathini na saba, mama. Zote zimo."

"Asante. Sasa sikiliza, tufanye kazi."

Kesho yake laini ilifungwa isiweze kutumika tena. Zakia akawapitia wote waliokuwa wakiandikiana na Gwantwa, akawaambia meseji yoyote iliyotoka kwenye namba ile tangu jana si yake. Siku ya nne akasimama boda, bahasha ya Gwantwa mkononi, dole gumba juu ya gundi halijaguswa. Gwantwa alikuja kutoka upande wa Nakonde kwa miguu, kilemba kimesimama, mkononi karatasi ya polisi wa kule. Boda mtu asiye na karatasi ni kama upepo. Ofisa akaifungua bahasha mbele yao, akaweka kopi kando ya karatasi ya polisi, akamtazama mama usoni, akatazama tena, akapiga muhuri. Dakika kumi na tano. Zakia akafikiria lile benchi la mwaka 1989.

Kisa hicho hakikukaa. Tunduma ni mji wa maroli, habari hailali. Kabla mwezi haujaisha soko zima lilikuwa linalijua. Wauza nyanya walimpigia Gwantwa kelele, "Mama, nipe cha sikioni nibipu." Madereva walimwuliza habari za mwana wa mlangoni. Yeye alicheka nao. Lakini mwanzoni mwa 2015 alimwita Zakia chumbani, akavuta tranka akaliweka katikati yao.

"Langu limekufa," alisema.

"Nini, mama?"

"Neno langu. Nitaendelea kulipisha njia, baba wa watu namheshimu mpaka nimfuate. Lakini mlinzi siye tena. Hata mwizi wa Ihanda huko sasa anajua kwamba Gwantwa akisema vile si Gwantwa. Atajifunza kuliruka. Mlinzi akishajulikana anakolala, anafungwa kamba."

"Sasa tufanyeje?"

Gwantwa akatoa ufunguo wake, akaulaza kwenye kiganja cha Zakia, ukawa wa pili mkononi mwake. "Mimi sikulichagua, nilipewa na ndoa. Ninyi wengine hamna mkwe wa kumwogopa, basi chagueni. Kila mwenye bahasha humu achague neno moja la kila siku, aliache. Asiliseme, asiliandike, mpaka nitakapo... mpaka utakapoona limezeeka. Nawe ujue la kila mmoja."

"Niyaandike wapi?"

Gwantwa akamtazama tu.

"Nimeelewa," alisema Zakia haraka. "Siandiki."

"Anza na lako."

Zakia akafikiri. "Chumvi."

"Utashindwa kabla ya chakula cha jioni. Wewe unapika, unatuma watoto dukani."

"Basi tembo."

"Lini uliwahi kusema tembo? Ukiacha usichotumia umeacha nini? Chukua linalokuuma kidogo, kama kiatu kipya."

Nje roli lilikuwa likirudi nyuma, mtu akilipigia makofi. Zakia aliyapitia maneno yake ya siku nzima, ya dukani, ya jikoni, ya kumwita Fauzia asubuhi, akaona kwa mara ya kwanza yalivyo mengi na jinsi asivyowahi kuyatazama. Kisha likamjia moja. Akainama, akasogeza mdomo kwenye sikio la Gwantwa, akalisema mara ya mwisho.

Gwantwa akafumba macho akilipima. Akatikisa kichwa kukubali.

"Zuri hilo. Litakusumbua." Akalisukuma tranka kuelekea miguuni kwa Zakia. "Ukitutoa mimi na wewe, wamebaki thelathini na tano. Wa kwanza ni Jenista, yuko Mkwajuni kwenye machimbo. Chukua pikipiki ya asubuhi, umkute hajaanza kuongea na watu."